Mizunguko Miwili

Daktari kaandika: mizunguko miwili kila jioni
mpaka goti lizoee chuma chake.
Muhsin kaisoma karatasi kama msomewa hukumu,
kisha kavaa viatu vya mpira alivyonunuliwa na mwanawe,
vyeupe mno, kama mayai mawili chini ya kanzu.

Ndivyo tulivyogeuka watu wa bustani,
sisi tulioishi Al-Hail miaka ishirini na tisa
tukiipita kwa gari, vioo juu.

Ziwa lake, tuseme kweli, ni beseni la manispaa:
saruji chini, pampu inayokohoa katikati,
bata kumi na mmoja. Nimewahesabu.
Mwenye magoti yake mwenyewe
analizunguka kabla hajamaliza tasbihi.

Wanauita huu msimu wa kuchipua.
Sisi neno hilo tulilikuta vitabuni.
Tulikuwa na masika, vuli, kipupwe;
mwaka ulipinduka kwa maji, si kwa maua.
Hapa unapinduka kwa bili ya umeme:
Machi, kiyoyozi bado kimelala,
madirisha wazi, na usiku unasikia
jirani akikuna nazi.

Lakini mkungu uliomwaga majani mekundu juzijuzi
leo una vidole vya kijani, vinanata ukivigusa.
Nimevigusa. Nani atanikataza?
Chini ya mkunazi watoto wanarusha ndala;
inashuka ndala moja, kunazi tatu,
na ndala ya pili imegoma huko huko juu.

Mzunguko wa kwanza, nusu yake,
Muhsin kasimama. Si goti.
Mfuko wa kanzu umetuna: mkate wa jana.
Kibao kinakataza, kwa maandishi na kwa picha,
mkono, mkate, mstari mwekundu.
"Mimi sioni bila miwani," kasema,
na miwani iko usoni pake.

"Haya njooni, wavivu nyie. We mweupe, acha roho mbaya,
mwachie mwenzio."
Bata wakaja mbio, kana kwamba wamelelewa kwa Kiswahili.

Nyuma yetu mtu akacheka.
Msichana, sare ya buluu, kigari chenye mtoto wa watu.
"Shikamooni! Kumbe! Nyinyi watu wa wapi?"
"Wa hapa," nikasema.
"Hapa wapi?"
Mimi na Muhsin tukatazamana,
kila mmoja akimpisha mwenzake,
kama watu wawili waliokutana mlangoni.

Hakungoja. Anaitwa Mbeyu, kwao Kaloleni,
miezi kumi na minne hajakisema Kiswahili
ila kwenye simu, kwa kunong'ona, chooni.
"Mbeyu si ndiyo mbegu?" nikauliza.
"Ndiyo. Mama alinizaa shambani, msimu wa kupanda,
akarudi kupanda."

Hapo filimbi. Mlinzi na baiskeli yake.
Muhsin kabaki na mkate mkononi
kama mtoto na kitu cha dukani ambacho hakikulipiwa.
Mbeyu kaupokea, kaufunika blanketi la mtoto,
akaanza kubembeleza, sshh, sshh.
Mlinzi akawatazama bata.
Bata, wote kumi na mmoja, wakakitazama kigari.
Akakuna kidevu, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Tulicheka mpaka mtoto wa watu akaamka
na makombo kwenye nyusi.

Tukaendelea, wanne sasa, kigari kikilia gurudumu moja.
Mbeyu alikuwa na maneno yaliyorundikana:
bei ya unga kwao, ndugu yake wa Mtwapa, jino linalomuuma.
Muhsin alijibu moja moja, bila haraka,
viatu vyeupe vikipanda na kushuka,
vikaupita mlango wa kutokea,
vikaipita pampu, mkunazi, ndala iliyogoma,
kisha mlango tena.

Nilitaka kumwambia huu ni wa tatu.
Nikanyamaza.